Kitenzi Kilichotuliza Mikono ya Chemtai

Vijana niliowaacha ofisini Bungoma mliniomba kitu kimoja siku ya kuniaga, katikati ya keki na hotuba: niwaachie orodha ya vitenzi vikali vya kuandikia CV. Orodha hiyo sina. Simu zenu zina orodha ndefu kuliko yangu, na simu haiombi chai saa nne. Ninachoweza kuwaachia ni jinsi tulivyokuwa tukivitafuta vitenzi hivyo, na habari za watu wachache walionifanya nivitafute kwa woga. Vyeo nilivyopata nitaviruka. Haitachukua muda.

Nilianzia Kitale. Nilikuwa na shahada ya isimu, miwani mpya, na imani kwamba mji mzima ulikuwa ukinisubiri mimi. Mji ulikuwa ukisubiri mvua. Kazi niliyopata ilikuwa katika chumba kimoja nyuma ya duka la pembejeo, mahali pa kupiga chapa, kutoa nakala na kuandika CV, na tulinuka mbolea hadi kanisani. Mwenye mahali pale alikuwa Mama Naliaka, mama mnene, mpole wa sauti, aliyewahi kuwa karani wa shule. Alinipokea kwa kunitazama viatu, kisha akasema, "Umesoma sana, eeh? Haidhuru. Itaisha."

Siku hiyo ya kwanza alinionyesha vifaa. Kompyuta ilikuwa na kibodi ambayo herufi zake zilikuwa zimefutika, ukichapa ni kama unapapasa gizani. Printa ilitaka kofi ubavuni kila baada ya kurasa chache. Kofi la upande wa kushoto, kwa sababu la kulia liliikasirisha. Halafu kulikuwa na kiti cha mteja, cha mbao, kisicho na mahali pa kuegemeza mikono. Niliuliza kwa nini mteja asiwekewe kiti chenye starehe.

"Akistarehe ataanza kudanganya," alisema Mama Naliaka. "Na mikono yake nataka niione."

Mteja wangu wa kwanza alikuwa dereva wa trekta. Nilimwandikia ukurasa mmoja mzuri sana, kwa maoni yangu, na katikati yake nikaweka kwamba alihusika katika shughuli mbalimbali za kilimo. Mama Naliaka alisoma akaurudisha mezani kwa vidole viwili, kama sahani iliyokutwa na unywele.

"Huyu mtu alifanya nini?"

"Alihusika, Mama."

"Kuhusika ni kufanya nini? Hata jirani yake alihusika. Hata mbuzi wa jirani yake alihusika, akakula mahindi."

Hapo ndipo nilipoanza kusoma upya. Kuhusika, kushiriki, kusaidia, kuwajibika: hayo yote alinipigia marufuku. Alisema ni maneno ya mtu aliyesimama kando huku mwenzake akifanya kazi. CV zenyewe tuliziandika kwa Kiingereza, kama waajiri wetu wanavyotaka, lakini kitenzi tulikitafuta kwanza kwa Kiswahili, kwa sababu Kiingereza cha CV ni suti ya kukodi. Inamtosha kila mtu na haina jasho la yeyote. Mkitafuta moja kwa moja kwa Kiingereza mtaishia na mameneja watupu, na nchi hii haina vitu vya kutosha kusimamiwa na mameneja wote hao.

Namna yake ya kutafuta ilikuwa hii. Dereva yule alirudishwa, akasimamishwa katikati ya chumba, akaambiwa afanye kazi yake kwa mikono bila kusema neno. Alicheka, akaona aibu, kisha mikono ikashika usukani usiokuwepo. Mama Naliaka akaanza kuita vitenzi, taratibu, kama mtu anayebisha hodi nyumba hadi nyumba. "Uliendesha." Mikono ikaendelea. "Ulilima." Ikaendelea. "Ulipalilia. Ulibeba. Ulinyoosha." Mikono ikasimama, ikashuka yenyewe.

"Ni kweli," dereva alisema, akionekana kushangaa kuliko sisi. "Mistari yangu ya shamba ilikuwa imenyooka. Watu walikuwa wanasimama kwa barabara kuangalia."

Desturi hiyo hakuizua. Kwao, kama kwetu Sirisia, mtoto mchanga akilia bila kukoma, na titi la mama halimtulizi, bibi humpakata na kuanza kuita majina ya waliotangulia, moja baada ya jingine. Jina likimfikia mwenyewe, mtoto hunyamaza, na kila mtu nyumbani anajua ni nani amerudi. Mama Naliaka aliichukua hiyo akaihamishia kwenye CV. Mimi na shahada yangu tuliona ni ushirikina unaotumia umeme. Niliendelea kuona hivyo hadi alipokuja Wanjiru.

Wanjiru alitoka katika familia iliyohamia Trans-Nzoia kutoka upande wa Mlima Kenya enzi za babu yake, na alikuwa ameendesha mashine ya kusaga unga maisha yake yote ya utu uzima. Alikuwa anaomba kazi katika kiwanda kikubwa cha unga. Alisimama, akainua mikono, na tukaita kila kitu ambacho mtu anaweza kufanya na mahindi. Ulisaga, ulipima, ulichekecha, ulirekebisha. Mikono haikutaka. Nilikuwa nimeanza kutazama saa Mama Naliaka aliposema, "Ulisikiliza."

Mikono ya Wanjiru ikashuka. Wakati huo huo kioo cha dirisha kikanyamaza. Sijui niwaelezeje. Hakuna kati yetu aliyekuwa ametambua kwamba kioo kilikuwa kikivuma hadi kilipoacha, na pale pote hapakuwa na mashine ya kusaga hata moja karibu. Wanjiru alisema kwamba jiwe la mashine likitaka kupasuka huimba tofauti, na yeye ndiye aliyekuwa akilisikia kabla ya mtu yeyote.

"Mama," nilinong'ona baadaye, "hiyo ilikuwa nini?"

"Ilikuwa kazi yake. Andika."

Basi nikaandika, na nikajifunza sheria chache ambazo bado naziamini. Usimwambie mteja kitenzi unachokipenda wewe. Acha kimya baada ya kila kitenzi, kirefu kuliko unavyoweza kuvumilia. Mikono ikitulia, andika hicho kilichoituliza, hata kama kinakuharibia sentensi. Palikuwa na bwana mmoja kutoka kwetu aliyedai aliongoza hoteli nzima, na mikono yake ikamenya viazi mbele yetu dakika baada ya dakika bila huruma. "Si niliwaambia niliongoza?" alilalamika. "Iambie hii," alisema Mama Naliaka akiionyesha mikono ya bwana huyo. Ilitulia kwenye kitenzi cha kuonja. Alipata kazi jikoni, na hakuwahi kutusamehe.

Mama Naliaka alipofunga duka na kurudi kijijini, mimi nikahamia Bungoma, katika ofisi mnayoijua. Huko tulikuwa na mtandao wa kasi na viti vinavyozunguka, na desturi ya kuita vitenzi ikaanza kuonekana kama kuvaa kaniki kwenye harusi ya mjini. Mercy, ambaye wengi wenu mmejifunza kwake, aliniuliza siku moja, "Mwalimu, ati kweli ulikuwa unaita CV kama mizimu?" Nikacheka naye. Nilikuwa nimeacha kuita kwa muda mrefu. Nilikuwa nikiandika haraka, wateja wakitoka na vitenzi vinavyong'aa, na vioo vyote vikikaa kimya.

Kisha akaja Chemtai.

Ilikuwa asubuhi ya jua kali, ofisi imejaa watu wa nakala. Alikuwa mama wa miaka arobaini hivi, mrefu, mwenye sweta ya kijani, na mikono yote miwili ilikuwa imefungwa ndani ya leso mbele ya tumbo, kama mtu aliyebeba kifaranga. Mercy akamwambia, "Sasa mum, karibu, keti." Aliketi bila kuifungua leso.

"Nimeambiwa kuna Mwalimu hapa anaandika CV vizuri," alisema. "Mimi ni Chemtai. Natoka kule juu, Elgon."

"Ndiye mimi, mama. CV ya kazi gani?"

"Ya ghala la mahindi. Kanduyi. Wanatafuta mtu wa kusimamia silo. Mimi hiyo kazi naijua. Nimeifanya Kitale mpaka..." Akaelekeza kidevu kwenye sweta. "CV ya zamani iko kwa mfuko wa sweta. Toa tu wewe, tafadhali."

Nikaitoa. Ilikuwa imeandikwa mahali fulani pa haraka, na niliisoma kama mpishi anayekula kwa jirani. Palikuwa na sentensi moja iliyonisumbua: alisaidia katika juhudi za uokoaji.

"Hapa uliokoa nani, mama?"

"Sikuokoa mtu."

"Basi tuanze hapo. Weka mikono mezani tuongee."

"Afadhali isikae juu," alisema. "Itaanza."

Akanieleza, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kueleza mara nyingi na kuchoka kutazamwa. Alikuwa ameitwa kwenye mahojiano sehemu mbili. Kote walimuuliza juu ya siku ile ya uokoaji, na kote mikono yake iliinuka yenyewe mbele ya meza ya wakubwa. Sehemu ya pili mzee mmoja alitoka nje akaanza kuomba. Kazi hakupata. Nyumbani hali ilikuwa mbaya zaidi.

"Siwezi kushika kikombe," alisema. "Nikishika kitu, mikono inavutwa. Msichana wangu ndiye ananinywesha chai, kama mtoto. Mahojiano ya Kanduyi ni Ijumaa. Nikikosa hii, Mwalimu, nani atanipatia kazi nikiwa hivi? Na watoto watakula nini?"

"Siku ile nini kilitokea?"

Alisema hadi alipoweza. Mahindi yakikaa na unyevu kwenye silo, lile tangi refu la chuma la kuhifadhia nafaka, juu huganda yakawa kama sakafu. Mtu huingia kwa juu na fimbo ya chuma kuyavunja, kiunoni amefungwa kamba, na mwenzake husimama juu ameishika. Chini kabisa mashine huwa inayatoa mahindi. Kanuni ni kwamba mashine izimwe kwanza, lakini ikizimwa yale yaliyovunjwa hayashuki, na kila ghala lina haraka, kwa hiyo huachwa ikinguruma. Mwenzake alikuwa Barasa, mtu wa mizaha, baba wa mapacha. Aliingia akiimba. Ile sakafu ya mahindi ikapasuka chini yake, na mahindi yaliyokuwa yakitembea yakamshika miguu, kisha kiuno.

"Nikashika kamba," alisema Chemtai, na hapo akakwama kabisa. Leso ilikuwa ikitikisika.

Nilimtazama Mercy. Nilijua ninachopaswa kufanya, na niliona haya kukifanya mbele ya kompyuta mpya. Nikawaomba wateja wa nakala watupishe, nikafunga mlango, nikamwambia Chemtai asimame katikati ya chumba aifungue leso.

Mikono ilikuwa mikubwa, yenye ngozi ngumu, mikono ya kawaida ya mtu wa ghala. Ikainuka. Ikafunga ngumi, moja mbele ya nyingine, jinsi mtu anavyoshika kamba. Halafu ikavutwa. Nasema ikavutwa, kwa sababu yeye hakuvuta. Mishipa ya shingo yake ilisimama, viatu vyake vikaburuzika kwenye sakafu, na mikono ya sweta ikanyooka kuelekea chini ya meza yangu. Kalamu iliyokuwa mezani ikabingirika kuelekea huko huko, ikaanguka. Kutoka chini ya meza nikasikia sauti ndogo, kavu, isiyokatika, kama mtu asiye na haraka anamimina mahindi kwenye debe.

Mercy aliacha kujifanya anachapa.

"Ulishika," niliita. Sauti yangu ilitoka nyembamba, ya mwanafunzi. Mikono haikubadilika. Nikasubiri. "Ulivuta." Chemtai akaburuzwa hatua nzima.

"Mwalimu," alisema Mercy, "wacha. Wacha bana."

"Uliita. Ulipiga kelele." Hakuna. "Uliokoa."

Chemtai aliguta kwa maumivu. Kwenye kiganja chake, pale kilipokuwa kimejifunga, ngozi ilichubuka mstari mwekundu mbele ya macho yetu, mahali ambapo kamba ingepita. Ile sauti ya mahindi ikaongezeka kasi. Nikaelewa kwamba kitenzi kizuri kuliko vyote nilivyonavyo ndicho kilichokuwa kinamuumiza, na kwamba aliyekuwa upande wa pili wa ile kamba alikuwa akinisikia.

Niliita nilivyokuja navyo kichwani. Ulikimbia. Ulipanda. Ulishuka.

Kwenye kushuka, sauti ilisita. Ilisita kama mtu aliyeinua kichwa, kisha ikaendelea. Na hapo nikaiona akilini ngazi ya nje ya silo, ngazi ya chuma iliyosimama wima, ambayo hakuna mtu anayeweza kuishuka bila mikono yote miwili. Nilijua kitenzi kilichotangulia kushuka. Ningependa kusema nilikisema mara moja.

"Uliachilia," nikasema.

Ngumi zikafunguka. Chemtai alirudi nyuma kwa kishindo kama mtu aliyekatikiwa na kamba, Mercy akamdaka na kumketisha. Chini ya meza kukawa kimya. Mercy aliinama akatazama, kwa sababu ana moyo kuliko mimi.

"Hakuna kitu, Mwalimu," alisema. "Ni nyaya tu."

Chemtai alikuwa akiitazama mikono yake juu ya mapaja, imelala.

"Ningeshika mpaka leo, asingetoka," alisema. "Mahindi yakitembea, kamba haitoi mtu. Swichi iko chini. Nilimwambia, Barasa, naenda kuzima. Akasema usiniachilie. Nikaachilia. Nilishuka nikazima, nikapanda, nikapata mahindi yametulia tu, hakuna kitu juu. Na watu wote wakaniuliza, mbona hukushika?"

Mercy alileta chai. Sote watatu tulikitazama kikombe. Chemtai alikichukua kwa mikono miwili, akanywa, akakirudisha, kisha akalia kwa mara ya kwanza tangu afike.

Sasa ilibaki kuandika, na hapa ndipo usomi wangu uliponirudia kama homa. Nilichapa kwamba siku ya ajali alizima mashine ya kutolea mahindi. Kitenzi kikali, kitendo chake mwenyewe, kinaonyesha uamuzi. Ni sentensi ambayo ningewafundisha ninyi. Nikampa asome. Kabla hajafika mwisho wa mstari karatasi ilikuwa imeanguka, na ngumi zilikuwa zimeanza kujikunja.

"Umeiruka," alisema, meno yakigongana. "Weka. Weka ile."

"Mama, hakuna mwenye ghala anayetaka kusoma kwamba uliachilia kamba."

"Na kikombe nitashika na nini?"

Nikarudi kwenye kibodi. Tuliandika sentensi fupi, moja baada ya nyingine: Niliachilia kamba. Nilishuka nikazima mashine. Mwenzangu alifariki. Hiyo ya tatu si kitendo cha mwombaji, na katika miaka yangu yote sikuwahi kumruhusu mtu kuweka kwenye CV yake jambo lililofanywa na mtu mwingine. Lakini alipoisoma mikono ilikaa imelala, na mimi sikuwa na hamu ya kubishana nayo mara ya tatu. CV ilipelekwa Kanduyi siku hiyo hiyo. Mercy alisema tumemwandikia mtu barua ya kukataliwa.

Meneja wa ghala alinipigia simu yeye mwenyewe. Chemtai alikuwa amempa nambari ya ofisi.

"Ni wewe uliandika hii CV? Mimi ni Wekesa wa ghala. Hii kitu ni ya kuomba kazi ama ni ushuhuda wa kanisa?"

"Ni ya kazi, bwana meneja."

"Hii sijawahi ona. Kila mtu anakujia hapa ameongoza, ameboresha, na mahindi yangu yanaoza. Kuja na yeye Ijumaa. Nataka kuona watu wa hii CV."

Basi nikaenda. Chemtai alivaa ile sweta ya kijani, iliyofuliwa, na mikono ilikuwa wazi. Tangu siku ile ofisini ilikuwa imekaa kimya. Alikuwa ameosha vyombo, alikuwa amemsuka binti yake nywele. Alinieleza haya njiani kama mtu anayesimulia safari ya nje ya nchi. Kilichokuwa kimebaki ni kimoja, naye alikijua: hakuwa ameshika kamba ya kweli, juu ya mahindi ya kweli.

Wekesa alikuwa mtu mfupi mwenye simu mbili. Hakutupeleka ofisini. "Madam, CV nimesoma, maswali sina," alisema. "Silo hii imeganda juu. Simiyu anaingia kuvunja. Wewe shika kamba, nione vile unafanya."

Simiyu alikuwa mfanyakazi wao wa muda mrefu, mwenye mvi kidogo na fimbo ya chuma begani. Alimsalimia Chemtai kwa heshima lakini hakumtazama usoni. Habari zilikuwa zimemfikia.

Chemtai alisikiliza ile ngurumo chini ya silo. "Mashine inatembea," alisema.

"Ndiyo. Isipotembea mahindi hayashuki."

"Izime. Avunje ikiwa imezimwa, atoke, ndiyo uwashe."

"Hiyo itamaliza siku yote!"

"Imalize. Na wewe usimame kwa swichi. Mwenyewe, si kutuma mtu."

Wekesa alinitazama mimi, kana kwamba nilikuwa nimemwandikia na hayo. Kisha akaizima, akasimama pale. Tulipanda ngazi, mimi wa mwisho, nikijuta kila kipande cha keki nilichowahi kula. Juu palikuwa na jukwaa dogo la chuma na mlango wa silo ukiwa wazi. Ndani mahindi yalikuwa tambarare, ya manjano, yametulia kama maji ya kisima, na ubaridi uliotoka humo haukuwa wa saa ile ya mchana. Nilipotazama chini nilimwona meneja kwenye swichi. Tayari alikuwa anaongea na simu.

Chemtai alichukua kamba, akaifunga ncha moja kwenye chuma cha jukwaa, akaangusha ncha nyingine ndani ili apime urefu. Ncha ilitua juu ya mahindi. Simiyu alikuwa bado kando yangu, na mguu wake haukuwa umegusa hata kizingiti.

Kamba ikakazika.

Ilinyooka kutoka mikononi mwa Chemtai hadi kwenye mahindi, ikatetemeka kama waya wa uzio uliogongwa. Pale ilipogusa, mahindi yalianza kuzama taratibu, yakifanya shimo dogo la mviringo, ingawa mashine ilikuwa imezimwa. Simiyu alitamka jina la Yesu. Mimi nilishika chuma cha jukwaa. Kwa mara ya kwanza katika kazi yangu sikuwa na kitenzi.

Ofisini mimi ndiye niliyekuwa nimelisema lile neno kwanza. Safari hii hakunisubiri. Aliinama juu ya mlango, viganja vikiwa vyeupe kwa kubana, akaongea kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya kumwita mtu aliye chumba cha pili.

"Barasa. Niliachilia. Uliniambia nisiachilie, na mimi nikaachilia."

Hakuna kilichotokea. Nilihesabu pumzi zangu, kisha nikapoteza hesabu. Shimo likaacha kuzama. Kamba ikalegea kidogo kidogo, kama mtu anayefungua vidole kimoja kimoja, hadi ikalala juu ya mahindi ikiwa kamba tu.

Chemtai aliivuta juu yote, akaikung'uta vumbi. Mikono yake haikutetemeka.

Simiyu alikuwa amesogea hadi mwisho wa jukwaa. Alitazama mlango wa silo, akatazama chini alikokuwa meneja akicheka na simu yake, kisha kwa mara ya kwanza akamtazama Chemtai usoni.

"Madam, wanasema wewe uliachilia mtu."

"Ndiyo. Umesikia sasa hivi."

"Na mimi? Huyo chini akiwasha kwa bahati mbaya?"

"Nitapiga kelele azime. Asiponisikia, nitaachilia, nishuke nizime mwenyewe. Sitakudanganya ati nitakushika. Jua hivyo kabla hujaingia."

Simiyu alikaa kimya muda mrefu kuliko kimya chochote nilichowahi kumpa mteja. Upepo ulipita, mabati yakalia. Kisha akaiegemeza fimbo kwenye ukuta, akainua mikono yake juu kidogo ili isizuie, na akamgeuzia Chemtai mgongo amfunge kamba.